Kanga za Kampeni na Bibi Harusi Niliyemkosea



Shaabani ikifika, kila fundi wa nguo za harusi anajua maana yake. Watu wanakimbizana na mwezi. Kila mzazi anataka binti yake aingie Ramadhani akiwa kwa mumewe, basi hapa dukani kwangu Mbeya meza ya kukatia haionekani rangi: shela, mitandio, magauni ya usiku wa hina, kanzu za mashemeji, na majora ya sare ambayo hata sijayafungua. Kwenye duka langu dogo la Iringa hali ni hiyo hiyo, na huko usisahau bitana, maana usiku ukumbini bibi harusi anatetemeka kwa baridi watu wakadhani ni haya.

Katikati ya pilikapilika hizo, Shaabani ya 2025, simu ikaita. Mtu wa chama, sitasema chama gani, anataka nguo mia tatu za kina mama, na kazi ianze mapema. "Dada, huu mwaka wa uchaguzi, mwaka wa neema huu." Nikamwambia nitampigia. Nilipoweka simu chini, binti ninayefanya naye kazi akaniuliza kama nimepewa habari ya msiba. Nikamwambia hapana, endelea kupiga pasi. Nilikuwa nimemkumbuka bibi harusi mmoja wa mwaka 2015.

Nitamfikia. Lakini kwanza huyo binti, kwa sababu yeye ndiye aliyenitia hamu ya kuandika haya. Ana miaka 20, na kazi yake akiwa kwenye ovaloki ni kusikiliza nyimbo za zamani kwenye simu. Siku hiyo hiyo akaniambia, "Dada, enzi zenu nyimbo zilikuwa na ujumbe, na wanasiasa walikuwa wanasiasa kweli." Enzi zetu! Mimi nina miaka 37, bado naitwa mwari na bibi yangu. Ila maneno hayo nayasikia kila mahali sasa, kwamba zamani muziki ulikuwa msafi, siasa ilikuwa safi, sasa vyote vimeharibika. Nami nasema hapana. Nilikuwepo, tena nilikuwepo upande wa kina mama, upande ambao huwa hauulizwi.

Najua baadhi yenu hamsikilizi muziki kabisa, Allah awazidishie. Lakini hata asiyesikiliza amesikia. Gari la matangazo likipita mtaani na spika nne juu halikuulizi msimamo wako.

Kumbukumbu yangu ya kwanza ya siasa ni kanga. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu sheria ibadilishwe mwaka 1992, nilikuwa mtoto wa miaka saba. Mama alikwenda mkutanoni uwanjani na jirani yake, wakacheza ngoma tangu saa nne hadi alasiri, wakarudi na kanga. Moja. Doti ilikatwa katikati, upande wa mama na upande wa jirani. Nakumbuka nilivyoshangaa, kwa sababu kwetu kanga ilikuwa haikatwi hivyo, kanga ni jozi. Mama alicheka tu, akasema, "Siku nyingine watatupa nyingine." Upande ule ulikaa nyumbani miaka mingi, ukatumika kubebea wadogo zangu, kufunikia maandazi, mwisho ukawa tambara la kufutia cherehani. Baadaye zilikuja za picha za wagombea, na hizo mama alikuwa anazikunja na kuziweka pembeni akitaka kuswali, maana alifundishwa chuoni kwamba nguo yenye sura ya kiumbe haifai kuswalia. Lakini Juni ya Mbeya mnaisikia? Asubuhi moja ya baridi nilimkuta kajifunga ile ya mgombea kiunoni kwa ndani, akaniambia, "Funga mdomo wako, huyu leo anafanya kazi."

Nyinyi wenzetu wa visiwani mlikuwa na mchango wenu katika hayo. Mwanzoni mwa miaka ile ya 1990 kikundi cha TOT cha marehemu Kapteni John Komba kilianzishwa kuipigia CCM kampeni kwa nyimbo na maigizo, na wakamchukua Bi Khadija Kopa kutoka Culture Musical Club ya Unguja. Upande wa pili walikuwa Muungano na Bi Nasma Khamis. Huku bara taarabu ya mipasho ikawa moto. Kina mama wa mtaani kwetu waligawanyika, huyu wa Kopa, yule wa Nasma, na kulikuwa na majirani hawasalimiani kwa sababu ya kanda ya kaseti. Sikuelewa wakati ule, lakini sasa naona: mwanamke aliyekwenda kusikiliza taarabu alirudi na siasa mkobani bila kujua ni lini aliitia. Kwa hiyo mtu akiniambia zamani muziki na siasa vilikuwa mbalimbali, namwambia akamuulize mama yangu.

Kisha ikaja Bongo Fleva, na hapo Mbeya tuna la kusema. Joseph Mbilinyi, yule Mr. II, Sugu, ni mtoto wa mji huu. Kwa kaka zangu alikuwa mkubwa kuliko mbunge yeyote. Sisi wasichana wa Kiislamu tuliusikia muziki ule kupitia ukuta. Disko haturuhusiwi, kaseti za kaka hazishikwi, tuliokota mistari tukifua. Baba yangu, muuza viatu vya mitumba, aliuita muziki wa wahuni, na redio akiingia yeye inazimwa. Mwaka 2001 Profesa Jay alipotoa "Ndiyo Mzee", wimbo wa mwanasiasa anayeahidi kila kitu kwa kila mtu, baba aliusikia kwa jirani akacheka mpaka akakaa chini. Bado akasema wahuni.

Mwaka 2010 Sugu akagombea ubunge Mbeya Mjini kwa tiketi ya CHADEMA. Na baba yangu, huyo huyo, alitoka alfajiri baada ya swala akasimama kwenye foleni ya kura na koti lake la mvua. Hakutuambia kampigia nani. Alisema tu, "Yule mtoto angalau alisema njaa ikiwa njaa." Mwaka huo huo Iringa Mjini walimchagua Mchungaji Peter Msigwa, chama hicho hicho. Miji miwili ya nyanda za juu, mmoja unawakilishwa na mwana hip hop, mwingine na mchungaji. Watu wa Dar walitushangaa.

Lakini sikilizeni na upande wa pili. Mwaka huo wa 2010 wimbo wa mapenzi wa Marlaw, ule wa "Pii Pii", uligeuzwa kuwa wa kampeni ya CCM. Nilishona nguo za harusi moja hapa Mbeya, nikaalikwa na sherehe. Mpiga muziki, sijui alitumwa au alikosa akili tu, akaupiga ule wa kampeni. Upande wa bwana harusi wakasimama kushangilia. Upande wa bibi harusi wakainua vidole viwili, alama ya chama chao. Dakika tano tu, kina mama wenye mitandio ya rangi moja niliyoishona mimi kwa mkono wangu walikuwa wanatupiana maneno, na shangazi wa bibi harusi akaondoka kabla ya pilau na watu wake. Bibi harusi amekaa kwenye kiti kapambwa, machozi yanakwenda na wanja. Huyo dada mpaka leo akija dukani tunacheka, lakini shangazi hakurudi nyumbani kwao kwa miaka.

Novemba 2011 nilikuwa na kibanda changu Mwanjelwa. Machinga na polisi walipambana siku mbili, mabomu ya machozi mpaka kwenye vibanda vyetu, tukafunga kwa kufuli tukakimbia na cherehani kichwani, na aliyekuja kusimama mbele ya wale vijana wakatulia ni mbunge mwenyewe, Sugu. Walimsikiliza kwa sababu walikua na sauti yake. Siku ile nilijivunia muziki wa wahuni. Ila mbunge alikuja kuongea na vijana wa kiume. Sisi wanawake wa vibanda, wauza mboga, wasusi, mafundi, tulisimama nyuma kabisa, na sikumbuki hata mmoja wetu aliyeulizwa kitu.

Basi tuje 2015.

Nilikuwa nimeolewa, nimehamia Iringa, nina cherehani tatu na deni la moja. Mwezi wa Septemba alikuja mtu na oda ya nguo mia nne za kampeni. Mia nne! Sijawahi kupata oda kama hiyo. Akatoa nusu ya pesa taslimu, nusu tutamaliziana. Mkononi tayari nilikuwa na bibi harusi wa Mfunguo Tatu, ndoa yake Ijumaa, wiki chache tu kabla ya kura. Alikuwa binti mpole, anasoma, ndiyo kwanza ameanza kujistiri vizuri, na alichoniomba ni kimoja tu. Mikono mirefu mpaka kwenye kiganja, na shingo iliyofunga. Alinieleza mara mbili. Mara ya pili alinishika mkono, "Da'angu, usije ukanisahaulia mikono."

Kila siku nilijiambia la bibi harusi litashonwa kesho. Kila siku yule mtu wa kampeni alipiga simu, mkutano umesogezwa, gari linakuja usiku. Nilikata nguo za kampeni mpaka ndotoni. Gauni la bibi harusi nililikata Jumatano usiku, umeme unakatika na kurudi, macho mekundu. Nilikosea mkunjo wa kitambaa. Nilipofungua, mikono ilikuwa imetoka robo tatu, na kipande kilichobaki hakikutosha hata kofi la mkono. Ile nyeupe ya maziwa Iringa nzima haikuwepo. Nilizunguka Alhamisi yote, sikuipata.

Aliolewa amevaa fulana nyeusi ya mikono mirefu ndani ya gauni jeupe, na shingoni mtandio wa kuazima uliobanwa kwa pini. Mama yake hakunigombeza. Alilipa pesa iliyobaki, mimi nakataa yeye ananitia mkononi, akasema, "Allah akusahilishie, mwanangu." Nilitamani angenipiga.

Na yule mtu wa kampeni? Baada ya tarehe 25 Oktoba simu yake haikupatikana tena. Nusu ya pili sijaiona mpaka leo. Lakini simlaumu yeye kwa lile gauni. Sura nzima ya Qur'ani, Al-Mutaffifin, inawaonya wanaopunja vipimo, na mimi ndiye niliyekuwa nimeshika futi.

Mwaka 2018 nilimtafuta. Alikuwa amehamia Makambako na watoto wawili. Nilikwenda na zawadi, nikaomba msamaha, akanisamehe kwa maneno mazuri, akanipikia chai ya tangawizi. Lakini ukutani sebuleni kulikuwa na picha za watoto, picha ya Makka, picha ya mumewe na mahafali yake. Ya harusi haikuwepo. Sikuuliza.

Mwaka huo wa 2018 ndio Sugu alifungwa jela ya Ruanda hapa Mbeya, miezi mitano, kwa kumkashifu Rais Magufuli, akatoka Mei kabla ya muda. Mwaka mmoja nyuma Nay wa Mitego alikamatwa kwa wimbo, kisha Rais mwenyewe akaagiza aachiwe na wimbo upigwe. Wasanii wengine walikuwa kwenye majukwaa ya chama wakilipwa. Ndiyo nikaanza kuona kwamba msanii kwa mwanasiasa ni kama sare ya harusi, inashonwa kwa haraka, inavaliwa siku moja, na baada ya hapo iko kabatini. Sisi kina mama tuliokuwa tunachezeshwa uwanjani tulikuwa hata si sare, labda pindo.

Oktoba 2020 miji yetu yote miwili ikapata wabunge wanawake kwa mpigo. Mbeya Dk. Tulia Ackson akamshinda Sugu, Iringa Jesca Msambatavangu akachukua kiti kilichokuwa cha Msigwa. Wapinzani waliyakataa matokeo ya uchaguzi ule, na malalamiko hayo hayajaisha. Lakini dukani kwangu kilichosikika kwa wateja ni kimoja: wanawake! Dk. Tulia akawa Spika Februari 2022, na Oktoba 2023 akachaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Mtoto wa kike wa nyanda za juu. Nilifurahi, nisiseme uongo.

Na kati ya hayo, Machi 2021. Mnaikumbuka tarehe 19? Sisi tulikuwa dukani, runinga ya jirani imewekwa nje, watu wamejaa mpaka barabarani. Magufuli amefariki siku mbili nyuma. Akatokea mwanamke wa Makunduchi, suti nyeusi, mtandio mwekundu, Qur'ani mkononi, akala kiapo. Mama yangu alilia. Aliniambia, "Mwanangu, kavaa kama mimi." Muelewe mnapolisoma hilo. Nyinyi huko mtandio ni kawaida kama chumvi. Huku sisi ni wachache, na binamu yangu, mwaka 2012, aliambiwa kwenye usaili wa kazi, ofisi siitaji, kwamba hicho kitambaa cha kichwani hakivutii wateja. Alikivua. Alipata kazi, na alikuwa anakivaa tena kituoni kabla ya kupanda daladala, ili baba yake asijue. Baada ya Machi ile alikwenda kazini nacho kichwani, hakuna aliyesema neno.

Kwenye biashara nililiona wazi. Wateja wakaanza kuja na picha ya Rais kwenye simu, "Nifungie hivi, nishonee suti ndefu kama ile, na mtandio wa rangi yake." Wakaja hata Wakristo, dada wa kwaya, walimu. Nilishona suti za kustiri nyingi mwaka ule kuliko miaka mitano iliyotangulia. Zuchu, binti wa Bi Khadija Kopa, akawa anapigwa kwenye kila harusi, na mama yangu aliyekuwa wa Kopa dhidi ya Nasma akasema ameishi kuona mzunguko umekamilika. Mwaka 2022 ikaja filamu ya Royal Tour, Rais anatembeza wageni nchini, tukakaa kuangalia amevaa nini kwenye kila kipande. Mimi wa kwanza. Ningeweza kuwatajia mpaka aina ya kitambaa.

Hapo ndipo ninapotaka kuwashika mkono, dada zangu. Tuliangalia mtandio mpaka tukasahau kuangalia kingine.

Niliona kwangu mwenyewe. Julai 2021 zilipoanza tozo za miamala ya simu, nilikuwa nalipwa na wateja wa Njombe, Songea na Tunduma kwa simu, na kila nilipotoa pesa niliona inakatwa. Nilinung'unika? Kidogo sana. Angekuwa mwanaume na suti yake ya kijivu ningepiga kelele mtaa mzima. Nikajiambia, tumpe muda, ni mwenzetu. Baadaye zilipunguzwa, na waliopiga kelele ndio waliosababisha, mimi sikuwemo. Septemba 2024 Ali Mohamed Kibao, mzee wa CHADEMA, Muislamu mwenzetu, alishushwa kwenye basi na watu wenye silaha, kesho yake akakutwa amefariki. Rais alilaani na kuagiza uchunguzi. Dukani tuliongea kwa kunong'ona siku hiyo, halafu mteja mmoja akasema, "Lakini tusimsumbue Mama," na wote tukanyamaza, nikiwemo mimi, tukarudi kwenye shanga. Mwezi mmoja nyuma, Agosti, vijana wa CHADEMA walikamatwa kwa wingi wakija hapa Mbeya kwa Siku ya Vijana. Mama zao ni wateja wetu.

Na mema yapo, siyafichi. Novemba 2021 serikali ilisema wasichana waliojifungua warudi shule, jambo lililokuwa limekatazwa tangu 2017. Kwenye darasa langu dogo la kufundisha kushona nilikuwa na wawili kama hao. Mmoja alirudi kusoma. Januari 2023 mikutano ya hadhara ya vyama ikaruhusiwa. Hayo nayahesabu. Ninachosema ni kwamba tuhesabu yote, kama mteja wangu mmoja wa Miyomboni anavyofanya. Mwanamke yule ni rafiki yangu, tumesoma chuo kimoja, tunaswali pamoja tarawehe. Lakini akija kuchukua nguo anaigeuza ndani nje, anavuta mshono, anapima pindo kwa vidole. Mara ya kwanza nilichukia. Nikamwambia, "Huniamini?" Akanijibu, "Nakupenda, ndiyo maana sitaki nikusengenye kesho." Angekuwa ameshonewa na yeye lile gauni la 2015, angelikagua wiki mbili kabla, na mikono ingekuwa mirefu.

Kuna watakaosema nawavunjia heshima viongozi wanawake, kwamba wanaume wamekosea miaka mingi bila kuhesabiwa hivi. Ni kweli wamekosea. Baba yangu alimpigia kura mwana hip hop kwa kuwa alisema njaa, na vijana walimsamehe Sugu mengi kwa kuwa ni wa mtaani. Iringa walimpenda mchungaji wao, na mwaka 2024, baada ya kushindwa na Sugu uenyekiti wa Kanda ya Nyasa kwa kura chache, mchungaji huyo akahamia CCM, chama alichokipinga miaka yote, watu wakabaki wanatazamana. Kila mtu ana wake anayempunguzia bei kwa sababu anafanana naye. Kwetu sisi ni mtandio. Nampenda Rais kwa kuvaa mtandio wake mbele ya dunia nzima, na dua yangu iko pale pale. Nitamuuliza pia.

Sasa nyinyi maharusi, maana najua wengi mnasoma mkiwa na hina mkononi na mmeanza kujiuliza haya yanawahusu nini. Mwaka 2025 kura zilikuwa Oktoba. Januari ya mwaka huo CCM walimpitisha Rais kuwa mgombea wao, CHADEMA wakachagua mwenyekiti mpya, Tundu Lissu, na mafundi wote wa mjini walipigiwa simu kama niliyopigiwa mimi. Kama ndoa yako ni baada ya Idi mpaka huko Mfunguo Nne, muulize fundi wako, kwa mdomo wako, ana oda gani nyingine mkononi. Asipokujibu vizuri, chukua kitambaa chako. Nenda kujaribu nguo mapema, mikono imekamilika, siyo ya kubandikwa pini. Mpiga muziki, kama utakuwa naye kwenye shughuli ya kina mama, mpe orodha na mwambie nyimbo za chama hapana, za chama chochote, hata kile unachokipenda. Na wakija kuwapa kanga, pokeeni tu, kanga ni kanga, lakini doti nzima, na muwe na swali moja la kumuuliza anayeigawa kabla hajapanda gari. Mimi langu ni wodi ya wazazi.

Yule wa nguo mia tatu nilimpigia baada ya Isha. Nilimwambia nitazishona kuanzia Mfunguo Mosi, maharusi wangu wakishaondoka, na pesa yote kwanza. Alicheka, akasema, "Dada umekuwa mkali, zamani hukuwa hivi." Kumbe ananijua. Nikamuuliza kama yeye ndiye wa 2015. Akasema siyo yeye, ni kaka yake, na kwamba kaka yake ananisalimia sana.

Nikamwambia amwambie kaka yake bado nina daftari.